Mamba Aliyeajiriwa Kulinda Samaki

Jumatatu ya mwisho ya Novemba 1998, Thelma alifagia ofisi ya ulinzi wa samaki, Nchelenge, kando ya ziwa linalopakana na Kongo, akapanga viti viwili vya usaili. Kesho yake ziwa lingefungwa miezi mitatu ili samaki wazae. Thelma alikuwa na stashahada ya ikolojia. Kwa miaka mitatu alikuwa amepima matundu ya nyavu na kuhesabu mayai ya samaki bila kuajiriwa, akiingojea nafasi hii moja ya mlinzi wa samaki. Tangazo lilitaka mtu anayelijua ziwa na anayeongea Kiswahili na wachuuzi wa Kongo.

Kiti cha kwanza alikalia yeye. Cha pili alikalia mamba, na kwa kuwa alikuwa mrefu, mkia ulibaki nje ya mlango. Colette, mchuuzi kutoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, alikuja kugongesha muhuri kibali chake.

"Pardon, papa," akamwomba mamba radhi kama mzee wa heshima, akauruka mkia.

Mkuu wa ofisi, Rodwell, akaanza na mamba.

"Ziwa unaijua?"

"Nilizalikiwa mule. Ngambo ya huku na ya Kongo, yote najua."

"Ukoo?"

"Mamba."

Rodwell akaweka kalamu chini. Yeye pia alikuwa wa ukoo wa Mamba. Thelma alikuwa wa ukoo wa Samaki, na koo hizo mbili ni watani tangu zamani: wa Mamba humwambia wa Samaki lolote, hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

"Ba Rodwell," Thelma akamwita kwa heshima, "huyu atakula samaki tunalinda."

"Nakulaka kidogo tu," mamba akakiri.

"Mutu wa kweli!" Rodwell akasema huku akiandika. "Na weye, Samaki, sisi tunakulaka samaki, hatuipatiake kazi!"

"Basi mufupa ikunase mu koo!"

Wengine wote wakacheka, Colette na mamba pia. Lakini Thelma hakuwa akitania. Akaandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, yenye takwimu. Rodwell akaisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi, akalazimika kufuta machozi ya kicheko.

Mamba akapewa kazi na kofia, ikafungwa kwa kamba chini ya taya. Alikuwa mpole na hakuchelewa kazini. Samaki waliochukuliwa kutoka kwa wavunja sheria walikabidhiwa kwake, naye aliwatunza palepale alipokaa, wala hawakuonekana tena. Kucha zake zilirarua karatasi, kwa hiyo ripoti aliandika Thelma. Mwisho wa Februari aliandika kwamba mayai yamepungua kwa nusu, na akataja sababu kwa jina na cheo.

"Basamaki hawa!" Rodwell akasema, akicheka kana kwamba ni utani wa ukoo, akagonga muhuri.

Machi mamba alipandishwa cheo, akahamishiwa Mansa, makao makuu ya mkoa. Akapanda basi dogo, akachukua viti vyote vya nyuma. Nafasi ikatangazwa upya.

Asubuhi ya usaili Thelma alifika kabla ya wote, akafagia, akapanga viti viwili, akaenda kuchota maji. Aliporudi, kiti cha pili kilikuwa na mamba mwingine, mdogo kidogo, bado amelowa.

"Jambo, mama. Ni hapa banaandikaka kazi?"

"Ni hapa," Thelma akasema. Akamtandikia gunia chini ya mkia, kwa sababu maji ya mamba wa kwanza yalikuwa yameanza kuozesha mbao za sakafu, akaketi kwenye kiti cha kwanza.