Mwalimu wa Mgambo

Bibi Loisi aliishia darasa la tatu, lakini mwaka huu alijipandisha cheo akawa mwalimu. Mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu, mbwa wa kulinda mbuzi aitwaye Mgambo.

Chanzo kilikuwa kikohozi cha mumewe, mzee Bartolomayo. Mwezi wa pili huo mzee anakohoa kwenye shamba la zabibu, suruali zinampwaya, na akitajiwa zahanati anajibu kwamba ni vumbi tu la hapa Hombolo. Ndipo redio ikasema huko Morogoro panya wanafundishwa kunusa kifua kikuu. Loisi akajiambia, kama panya anaweza, huyu mbwa anayemaliza ugali wangu anashindwa nini?

Akaenda kwa jirani yake Yoramu, aliyekuwa anamalizia dozi ya kifua kikuu, akaomba kitambaa alichojifunga kifuani siku za ugonjwa. Akakitia kwenye kopo, na katika makopo mengine mawili akatia vitambaa safi. Mgambo akikaa mbele ya kopo la Yoramu, anapewa kipande cha nyama kavu. Wiki tatu, kila asubuhi, Loisi anahamisha makopo, hapandishi sauti, hashiki fimbo. Mwisho mbwa akawa hakosei, na Loisi akawa anatembea kijijini kama mtu aliyesoma ng'ambo.

"Baba Ernest," akamwambia mumewe, "tuwekeane neno. Mgambo atatunusa. Atakayekaliwa mbele aende zahanati, asilete maneno."

"Hata akiwa wewe?"

"Hata mimi," alisema Loisi, kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kuona majibu ya mtihani.

Jumapili baada ya ibada wakapanga viti vitatu: cha Bartolomayo, cha Yoramu aliyekuja kushuhudia, na cha Loisi mwenyewe. Mgambo akamnusa Bartolomayo, akapita. Akamnusa Yoramu, akapita. Akafika kwa mwalimu wake, akanusa magoti, akakaa kitako kungoja nyama.

Bartolomayo alicheka hadi kikohozi kikamkaba. "Pole, mgonjwa."

"Yoramu mwanangu," Loisi akauliza taratibu, "kile kitambaa kilikuwa na nini?"

"Dawa ya kuchua, mama. Nilikuwa najipaka kifua kizima."

"Ile inayouzwa kwenye kopo la kijani?"

"Hiyo hiyo."

Ndiyo aliyokuwa akipaka magoti yake kila asubuhi kabla ya somo. Kumbe ndiyo maana kila somo mbwa alikuwa anaanza kwa kukaa mbele yake. Loisi alidhani ni heshima.

Angeweza kulikana neno lake, lakini alimtazama mzee akijifuta machozi ya kicheko na kikohozi. "Kesho naenda," akasema. "Ila kwa magoti haya nitahitaji wa kunisindikiza."

Bartolomayo hangekosa kuishuhudia fedheha hiyo ya mkewe. Asubuhi akavaa koti.

Kule zahanati, nesi Gladness aliwaamkia, akamsikiliza Loisi bila kucheka. "Bibi, na nyumbani nani anakohoa?"

Loisi akatazama dari. Jibu lilitoka kifuani mwa mzee lenyewe, tena kwa muda mrefu.

"Babu, na wewe tupe makohozi," akasema Gladness, akitoa kikopo cha pili.

Cha Loisi kilikuja safi. Cha Bartolomayo hakikuwa safi, akaanzishiwa dawa wiki hiyo hiyo.

Siku hizi kila asubuhi mzee anameza vidonge, mkewe amesimama mbele yake mpaka aone vimeshuka kooni.

"Mbwa wako hakuniona," mzee humwambia.

"Hakukuona," Loisi hukubali, huku akimpa Mgambo nyama, maana yuko pale tayari, amekaa mbele ya magoti.