Komeo la Asili

Mziwanda alifika asubuhi, akakuta wifi yake ameshapiga deki mpaka kizingitini. Kibao cha "Nyumba inauzwa" alikiona getini. Kaka yake mkubwa alimpokea begi, akamwambia karibu mdogo wangu, huku akitazama pembeni.

Dalali alikuwa ndani na mnunuzi, mama mmoja mwenye duka la samani za zamani.

"Dari ya mbao, ya asili. Vioo vya rangi, vya asili. Ngazi hii ya asili. Tangu babu yao aijenge, dada, haijabadilishwa hata msumari."

Stoo ya chini ya ngazi ikakohoa.

"Pole, mama," mnunuzi akauambia mlango mdogo, wakapanda juu.

"Ni marehemu mama yetu," kaka akaeleza. "Hasumbui."

Juu kulikuwa na chumba kikubwa na kitanda kilichotandikwa vizuri mno.

"Hapa ndipo alipokatia roho," kaka akasema. "Usingizini, kwa amani."

Ndivyo alivyomwambia mziwanda kwenye simu. Lakini marehemu hukoholea pale alipokatia roho, hilo kila mtu analijua. Baba yao alianguka bafuni, na alikohoa bafuni mpaka walipobadilisha bomba.

"Kaka, mbona mama anakoholea stoo?"

"Alipenda kushuka."

"Kwa miguu ile?"

"Wifi," mke wa kaka akadakia, "mtu mzima hapangiwi."

Mziwanda alichota maji kikombe kimoja, akashuka. Mlango wa stoo ulikuwa na komeo upande wa nje, linang'aa, skrubu zake hazina kutu. Akalivuta. Ndani palikuwa na mkeka uliokunjwa. Rangi ya mlango kwa ndani ilikuwa imechubuka, chini chini, usawa wa mtu aliyekaa. Akaweka kikombe sakafuni. Maji yakapungua taratibu, yakaisha.

"Mama, nani alikuwa anakufungia?"

Marehemu hawajibu maswali, hukohoa tu.

Kaka akaanza kushuka ngazi. Kila alipokanyaga, stoo ikakohoa. Akasimama, ikanyamaza. Akaushusha mguu polepole, kwa ncha ya kidole, ikakohoa polepole. Wote walisikia. Wifi akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Mnunuzi akawapita, akainama mbele ya mlango mdogo. Akapitisha kidole gumba juu ya komeo.

"Hili si la asili."

Mziwanda akamwangalia kaka yake.

"Ni la juzijuzi," kaka akasema.

"Lilikuwa la nini?" mziwanda akauliza.

"Paka."

Nyumba ile haikuwahi kufuga paka. Mziwanda akafungua kinywa, lakini mnunuzi alishatingisha kichwa.

"Linaharibu mlango. Dukani kwangu nina la shaba, la enzi hizo hizo. Likifungwa hilo, nyumba naichukua."

Kaka akashusha pumzi. Komeo la shaba lilipoletwa, alipiga magoti mwenyewe na bisibisi.

"Basi liweke kwa ndani," mziwanda akasema.

Kaka akamtazama dalali.

"La asili hukaa nje," dalali akasema.

Kaka akakaza skrubu ya mwisho kwenye matundu yale yale, akalisukuma kujaribu. Likaingia sawasawa.

Mama akakohoa.

"Pole, mama," wakaitikia wote.