Upande wa Dhahabu

Siku ile Dhahabu alipochukuliwa, mjinga alikuwa Mwidani, na mwenyewe hakuwahi kukana. Ndiye aliyebeba sanduku la mtoto kichwani kutoka Nyumba ya Nne, Mtongwe, mpaka kwenye feri, huku akiimba nyimbo za arusi. Ndiye aliyemfundisha njia nzima jinsi ya kuitika "abee" bila kuvuta midomo.

"Leo ushapata wenyewe," alimwambia kwenye feri, mbele ya watu. "Kuanzia sasa baba ni yule. Mimi niite mjomba. Na ukishakuwa bibi mkubwa usinipite njiani ukajifanya hunijui!"

Dhahabu, mwenye miaka tisa, alicheka kwa kuwa Mwidani alikuwa akicheka.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1963. Kijiji cha watoto cha Mtongwe kilikuwa na nyumba sita za makuti, na katika kila nyumba kamati ya kijiji ilikuwa imeweka baba mmoja, mama mmoja, na watoto kumi wasio na wenyewe. Mwidani alikuwa mpakuzi wa shehena bandarini hadi alipoachishwa kazi baada ya mgomo. Mkewe, Mwanasaumu, hakujaaliwa kuzaa. Walipopewa nyumba na watoto kumi kwa mpigo mmoja, Mwidani aliwatangazia majirani kwamba mkewe kajifungua kumi, na uchungu kaupata yeye.

Aliyemchukua Dhahabu ni Bwana Faraj, katibu wa kamati, mwenye duka la vitambaa Kisauni. Aliahidi kumlea kama mwanawe na kumsomesha pamoja na mapacha wake. Mapacha hao walikuwa na miezi mitatu, jambo ambalo mtu mwingine angelifikiria kidogo. Mwidani hakulifikiria. Alimwombea dua.

Katika Nyumba ya Nne watu walikula sinia moja, kila mtu na upande wake, na upande wa mtu hauingiliwi. Mtoto akiondoka, wenziwe husogea, duara likafungika. Jioni ile walipotaka kusogea, Mwidani aliwakataza.

"Muacheni na upande wake. Asije siku moja kututembelea akakuta tushamfuta."

Mwanasaumu, kwa mazoea, alikuwa amepakua kwa watoto kumi.

Kabla kula hakujafika nusu, sima ya upande wa Dhahabu ilikuwa ikipungua, na pale hapana mtu. Ilimegwa tonge ndogondogo, na kando yake palikuwa na kishimo kilichobonyezwa kwa kidole gumba, cha kutilia mchuzi. Hivyo ndivyo alivyokula Dhahabu siku zote, japo alikatazwa.

"Ana njaa," alisema Mwanasaumu, akaongeza mchuzi katika kishimo.

Watoto waliendelea kula. Charo, aliyekaa kushoto, alilalamika tu kwamba kiwiko cha Dhahabu kinamsukuma kama zamani.

"Dhahabu, mwanangu, kaa vizuri," alisema Mwidani, na Charo hakulalamika tena.

Wiki ya kwanza upande ule uliliwa nusu. Wiki ya tatu uliliwa wote, sinia likabaki linang'aa. Mwezi wa pili tangu aondoke, kishimo kikaanza kuonekana upande wa Charo. Hapo Mwanasaumu akawa anasogeza fungu lake mwenyewe upande wa Dhahabu, naye analala na chai, maana posho iliyoletwa na kamati sasa ilikuwa ya watoto tisa.

Mwidani akavaa kanzu yake ya Idi, akavuka feri, akapanda basi hadi Kisauni. Alimkuta Dhahabu uani anafua nepi, pacha mmoja mgongoni, mwingine analia juu ya mkeka. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa sabuni, na mifupa ya mabega ilihesabika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Na shule?"

"Shule gani?"

Mwidani akaenda dukani. Bwana Faraj alikuwa akimpimia mteja kitambaa.

"Bwana Faraj, mtoto halishwi."

"Nani kasema?"

"Mkono wake uko kwenye sinia letu kila magharibi. Tangu siku ya kwanza."

Bwana Faraj alimaliza kupima, akakata, akakunja, akamkabidhi mteja kitambaa chake. "Kila siku?"

"Kila siku, wallahi."

"Na hushiba?"

"Akiongezwa, hushiba."

"Sasa kama anashiba kwenu, bwana wee, mimi nimpikie ya nini?"

Kesho yake asubuhi, mihogo ya chai ya Nyumba ya Nne nayo ikaanza kumegwa. Mwidani akaelewa kwamba hata ule ukoko Dhahabu aliokuwa akipewa Kisauni umekatwa, na kwamba aliyeukata ni yeye kwa mdomo wake.

Akapeleka mashtaka kwa kamati. Kamati ikaja Alhamisi, watu watano, wakakaa kwenye mkeka na kutazama sima ikimegwa. Mwenyekiti, Mzee Barakat, alivaa miwani ili akione vizuri kishimo.

"Tonge zake za adabu," alisema. "Na hapapii."

Bwana Faraj, kwa kuwa ndiye katibu, aliandika: *Mtoto Dhahabu ameonekana akila vizuri.* Wote watano wakatia sahihi.

Mwidani akaomba mtoto arudishwe. Akajibiwa kwamba nyumba hizi ni za watoto wasio na wenyewe, na Dhahabu wenyewe anao. Si yeye Mwidani aliyesema hivyo kwenye feri, watu wakamsikia? Akaomba basi posho iwe ya watoto kumi. Akajibiwa kwamba aliyeondoka hahesabiwi.

Kwenye kuagana Bwana Faraj alimshika mkono, akamvuta kando.

"Mtoto hulia, majirani wananiuliza. Wewe anakusikiliza. Njoo siku moja umwambie kwamba pale ndipo kwao, atulie. Uhuru unakuja, Mwidani, kutakuwa na mambo mapya. Nyumba hizi zitataka mababa wenye shukrani."

Mwidani aliwatazama wale tisa wakilamba vidole. Alimtazama Mwanasaumu akikusanya makombo. Alitaka kufanya mzaha, asiupate. Hakusema hapana.

Alikwenda wiki ya Uhuru. Mwanasaumu hakumuuliza anakwenda kusema nini, alimwambia tu, "Mwambie leo ni wali." Kisauni nzima ilikuwa imepambwa kwa makuti, na Mwidani alimnunulia Dhahabu bendera ndogo ya karatasi.

Alimkuta pale pale uani. Mwidani alipindua ndoo, akaikalia, akampa bendera, akamwambia kuhusu wali. Kisha akakohoa.

"Usilielie, mwanangu. Watu husema. Hapa ndipo kwenu sasa. Una baba, una mama, una ndugu wawili. Ni kuzoea tu. Mtu hatulii mpaka moyo wake ukubali kwao ni wapi."

Aliisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ile ile ya siku ya feri, tamu, iliyojaa furaha.

Dhahabu alichomeka bendera kwenye kamba ya nguo, katikati ya nepi. Akaufuta mkono wake wa kulia kwenye leso. Ulikuwa na sima ya jana kwenye kucha, na ulinukia mchuzi wa Mwanasaumu.

"Kama hapa ndipo kwetu, mjomba," alisema, "mbona nashibia kwenu?"