Inayolia, Toa

Saa mbili kasorobo asubuhi mkaguzi alifunga aproni, akawasha taa ya meza, akainua chupa ya kwanza. Kiwanda kilitengeneza chupa za kioo za kunyonyeshea watoto. Kazi yake ilikuwa kuzungusha kila chupa mbele ya taa, kuitia maji ya moto, kisha kusikiliza. Chupa nzima hunyamaza. Yenye kipovu ndani ya kioo, ambayo siku moja ingempasukia mtoto mdomoni, hulia. Ukutani palikuwa na kibao: INAYOLIA, TOA. Siku za kawaida zililia mbili tatu, zikatupwa kwenye pipa, watu wakaenda kunywa chai.

Siku hiyo, kufikia saa sita, zilikuwa zimelia mia mbili na kumi na nne.

"Tanuri wameliharakisha," alisema mama mfungaji, aliyepanga chupa kwenye makasha. "Hizi ni njiti, mwanangu. Zimetolewa kabla ya siku zake."

Msimamizi alikuja na mhuri mkononi. Lori la kuzichukua chupa lilikuwa la saa kumi.

"Zirudishe mezani."

"Bosi, zinalia."

"Nazisikia, sina pamba masikioni. Mkataba wako unaisha Ijumaa, au nimekosea?"

Hakukosea. Nyumbani mkaguzi alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na hakuna mwingine wa kumlisha.

"Chonde, bosi. Watakaozinyonya ni watoto wa watu."

"Usinibembeleze mimi," alisema msimamizi. "Bembeleza chupa."

Alisema kwa kejeli tu. Lakini chupa zililia kila moja kivyake: hii ya njaa, ile ya usingizi, na moja ilikuwa na kwikwi kama ya mwanawe. Maziwa yakamchuruzika mkaguzi kifuani, yakalowesha aproni. Mikono haikumngoja. Akaichukua ile ya kwikwi, akaiegemeza begani, akaipigapiga mgongoni. Ikacheua maji kidogo, ikanyamaza.

Msimamizi akapitisha mkono juu ya bega lake, akaigonga mhuri: IMEPITA.

"Kibao kinasema inayolia. Hii hailii."

"Basi sibembelezi tena," alisema mkaguzi, akaficha mikono nyuma.

Zilizobaki zikapandisha sauti. Alihesabu moyoni hadi kumi na saba. Kisha akachukua mbili kwa mpigo.

"Ukishazaa," alisema mama mfungaji, akivuta kasha karibu, "hata adui anajua pa kukushika."

Saa kumi kasoro dakika tano zote zilikuwa zimelala ubavu ndani ya makasha. Msimamizi alileta mkataba mpya. Penye jina la kazi, neno *Mkaguzi* lilikuwa limekatwa kwa kalamu, pakaandikwa *Mbembelezaji*. Mkaguzi alitia saini, akauliza ataanza lini.

"Umeshaanza."

Lori lilipopanda tuta la getini, chupa zote ziliamka kwa pamoja.

"Mzigo umeamka," alisema mlinzi.

Dereva akapandisha vioo, akaongeza sauti ya redio. Lori likapita mtaani likilia kama wodi nzima, na kila lilipopita akina mama waliinuka kwenda kuwatazama wanao, wakawakuta wamelala. Mbembelezaji alisimama getini, kifua kikimvuja, mikono imenyooka mbele. Mlinzi alimwomba asogee kidogo, akafunga geti.