Shauri la Kufumba Kitabu cha Bi Makini

Katika nchi ya Tazamani, inayopakana na Haraka upande mmoja na Usahaulifu upande wa pili, vitabu viliheshimiwa kwa taadhima isiyo kifani: vilipanguswa vumbi kila Ijumaa, vikafukizwa udi, vikapangwa sebuleni mahali ambapo mgeni hakosi kuviona. Kusoma, la! Mstaarabu alingoja kitabu kigeuzwe filamu, akakitazama huku anatafuna bisi, akarudi kwake ameridhika kwamba amekimaliza. Na kwa kuwa kitabu kilichokwisha kutazamwa kilidhaniwa kimekwisha kazi, Sheria ya Kufumba iliamuru nakala zake zote zikusanywe na kushonwa kingo kwa uzi wa hariri, zisifunguliwe tena aushi. Siku ya kushona watu walikula halua na kupiga vigelegele. Wallahi, sijaona maziko yenye furaha namna ile.

Zamu ikamfikia Bi Makini, mtunzi aliyeandika kitabu kimoja tu maishani mwake, nacho kilimhusu marehemu mama yake, Bi Stahamili. Mwongozaji mashuhuri wa filamu, Bwana Kishindo, alikichukua akakigeuza kwa ufundi wake. Katika filamu hiyo Bi Stahamili anaimba juu ya farasi, anawatandika wezi, na mwishoni anaolewa na tabibu mwenye masharubu. Nchi nzima iliipenda. Majirani walimjia Bi Makini kumpa hongera ya harusi ya mama yake, naye, aliyemzika mama ambaye alikufa mjane, alishukuru kwa adabu, akafunga mlango, akalia. Hakuwa na picha yake hata moja. Kitabu kikifumbwa, mama atakayebaki duniani ni yule wa farasi. Hilo hakuweza kulivumilia, akaenda mahakamani kupinga.

"Bibi," alisema Hakimu Mwepesi, "sheria yetu si katili, imekuachia mlango mmoja. Mlete mtu mmoja, asiye wewe, aliyekisoma kitabu chako, naye ataje jambo lililomo humo na lisilomo katika filamu. Akipatikana, kitabu kitabaki wazi. Asipopatikana, kinashonwa leo hii."

Bi Makini akaigeukia hadhira. Wengi aliwajua, na baadhi yao aliwapa nakala kwa mkono wake mwenyewe. Jirani yake, Bi Mapambo, akajifanya anatazama kucha zake.

"Mwenzangu, mimi nimekiweka pazuri sana," alisema. "Mtu akiingia tu, anakiona."

"Na kukisoma je, shoga?"

"Ah, jamani, macho haya!"

Watu wakacheka. Bi Makini hakucheka. Akamwelekea Bwana Kishindo mwenyewe, aliyeomba kitabu kifumbwe, ambaye alikuwa ameketi mbele katika joho la zari.

"Namwita Bwana Kishindo awe shahidi wangu."

"Mimi?" Kishindo alishtuka. "Bibi, mbona unanitia majaribuni?"

"Nakuuliza neno moja, bwana. Ulikisoma au hukukisoma? Kama hukukisoma, basi filamu yako si ya kitabu changu, na changu hakijatazamwa bado. Kama ulikisoma, taja ulichokiacha."

"Jibu, bwana," alisema Hakimu. "Na uapishwe kwanza."

Kishindo akaapa. Akajifuta uso, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ilijaza ukumbi, ikawa ndogo.

"Nilikisoma. Nikarudia. Iko sura ambayo mama ameketi kizingitini na shati la mwanawe aliyefariki. Analikunja, analikunjua. Anakumbuka kwamba asubuhi ile alimkaripia mtoto kwa kupoteza kifungo. Basi. Hakuna jingine linalotokea. Sura ile iliniliza, naapa. Nikawasha taa, mwigizaji akaketi, akakunja shati, nikaona mwanamke anakunja nguo tu! Yote yalikuwa moyoni mwake, na huko taa zangu haziingii. Ndipo nikampandisha farasi."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Bi Makini.

"Ningemwambia nani, bibi? Katika nchi hii?"

Bi Makini alikuwa amemchukia mtu huyu tangu siku ya kwanza ya filamu. Sasa alimtazama, akaona aibu yake, akamhurumia; na zaidi ya huruma, alifurahi, maana kumbe yupo mwingine aliyewahi kukaa na mama yake pale kizingitini.

Hakimu akataka nakala ili ahakikishe ushahidi. Akatafuta sura ile, akaisoma huku midomo yake ikicheza. Akafungua ukurasa wa pili. Akafungua mwingine. Shahidi bado amesimama, na nje walikuwa wamekwisha kuanza kugawa halua. Bi Makini aliminya ncha ya mtandio wake hadi vidole vikamuuma, asithubutu kupumua kwa nguvu.

Karani akakohoa. "Mheshimiwa," alinong'ona, "hukumu. Watu wanangoja."

Hakimu akainua kidole bila kuinua macho.

"Nyamazeni kwanza," alisema. "Nimefika patamu."