Diski za Bestman

Ijumaa hiyo asubuhi nilitoa tairi mbili za mbele huku napiga mluzi. Gari yangu, DX ya rangi ya maziwa, ilikuwa inalia breki tangu mwezi wa saba. Nikifika geti majirani walikuwa wanajua Mwalimu Mukhisa amerudi bila hata kuchungulia dirishani.

Kesho yake tulikuwa tunatoka Kitale kwenda Mabanga, kule Bungoma, kuona boma la kijana mwenye anataka kuoa binti yetu Phanice. Ndani ya gari nilikuwa nibebe Sellah mke wangu, mama yangu wa miaka themanini, na dada zake wawili. Hao mama wadogo kila mmoja anahesabika watu wawili, na nasema hivyo kwa heshima. Halafu njiani kuna ule mteremko wa kushuka daraja la Kamukuywa. Huwezi shuka hapo na uzito kama huo ukitegemea breki ya kulialia.

Fundi sikuhitaji. Nina diploma ya mitambo ya kilimo na kazi yangu ni kufundisha watu kufungua trekta. Nikaweka mawe nyuma ya tairi, nikapiga jeki, nikatoa kalipa, ile inashika pedi na kubana diski, na kuifunga juu na waya isining'inie kwa paipu ya mafuta. Diski ya breki ya zamani ilikuwa imekwama na kutu. Nikaigonga nyundo mara tatu ikatoka. Sellah alikuwa kwa stuli, ananipitishia spana.

"Hii?"

"Hapana, namba kumi na nne."

"Si ungesema. Unasema tu 'hiyo'. Kwani mimi naona ndani ya kichwa yako?"

Diski mpya zilikuwa kwa sanduku zimeletwa na Chesang tangu Jumatano. Huyu Chesang ndiye alisimamia harusi yetu mwaka wa themanini na nne. Miaka ishirini na mbili imepita na bado ananiita Bwana Arusi, na mimi namwita Bestman. Hata magari tulinunua wiki moja, DX mbili, yake ya kijivu. Kwa vile yeye huteremka Bungoma karibu kila siku na viazi, nilimtuma anichukulie diski na pedi kwa Arafa, yule mama wa spea karibu na msikiti. Huko Mabanga pia yeye ndiye alikuwa atuongelee. Mimi nikiongea mbele ya wakwe watu hucheka, hata kama nasema jambo la maana.

Hiyo Jumatano alikunywa chai vikombe vitatu, akasimama kwa mlango akasema, "Bwana Arusi, Jumamosi nitaenda na gari yangu."

"Na kiti ya mbele?" Sellah akamuuliza. "Si hiyo ni yako miaka yote?"

"Hapana, shemeji. Wacha hao wamama wakae vizuri."

Nikamwambia anaogopa kufinywa na mama wadogo. Alicheka, lakini kidogo tu.

Basi Ijumaa nikafungua sanduku. Pedi zilikuwa mpya kabisa. Diski zilikuwa zinang'aa kama sufuria ya maonyesho. Nikashika moja, na kidole gumba kikasimama chenyewe. Ndani ya tundu la katikati rangi ilikuwa na vipele. Nikaikwaruza na kucha, na chini ya rangi kukatokea kutu.

"Nini?" Sellah akauliza.

"Ngoja."

Nikaleta venia, kile kipimo changu cha tangu chuo. Diski mpya ya DX ina unene wa milimita kumi na nane. Ikifika kumi na saba unaitupa, hata imeandikwa hapo kwa chuma. Hii ilikuwa kumi na tano na nusu. Ilikuwa diski ya zamani imenyolewa kwa lathe, ile mashine ya kukata chuma, ikapakwa rangi. Chuma nyembamba hivyo inapata moto haraka, na kwa mteremko mrefu inaweza kupasuka ukiwa umeikanyaga.

Nikampigia Arafa simu, na sikuanza na salamu.

"Arafa, umeniuzia takataka! Nibebe mama yangu na kitu kama hii?"

"Mwalimu, pole pole. Salaam aleikum kwanza."

"Hii diski ni ya kunyolewa!"

"Wewe na diploma yako, umeangalia upande wa ndani? Diski haitoki kwa duka langu bila namba ya gari ya mwenyewe. Watu huniletea vyuma vyao vya zamani wanasema ni mimi nimeuza, kwa hivyo nachora zote. Namba yako si ulinitajia mwenyewe kwa simu? Geuza."

Watu wote huku huchora namba ya gari kwa vioo na taa, mwizi asipate mahali pa kuuza. Lakini diski, sikuwa nimewahi kusikia. Nikageuza ya kwanza, nikageuza ya pili. Zilikuwa laini kama uso wa mtoto.

"Hakuna," nikasema.

"Basi, Mwalimu, hizo si zangu. Uliza mwenye alikubebea."

Bado nilikuwa nimeshika simu wakati geti lilifunguka. Alikuwa Chesang, ameleta gunia la viazi la kupelekea wakwe. DX yake ikaingia, ikasimama kando ya yangu. Haikutoa sauti yoyote. Na hiyo gari wiki iliyopita ilikuwa inakwaruza mpaka mbwa wanabweka.

"Bwana Arusi! Bado tu uko chini ya gari?"

"Bestman, breki yako imeacha kulia."

"Nilisafisha."

"Na nini? Nipatie hiyo dawa."

Ndipo akaona diski kwa gunia tupu nililotandika chini, na venia imelala juu yake. Funguo za gari zikabaki zinacheza mkononi mwake.

"Tutoe hiyo tairi ya mbele tuone," nikasema. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nataka sana aniambie mimi ni mjinga.

Alishusha lile gunia la viazi, akalikalia. Nikapiga jeki mwenyewe, nikatoa tairi, nikatoa kalipa. Diski ikatoka bila hata kugongwa, ilikuwa bado ngeni hapo. Nikaigeuza. Namba ya gari yangu ilikuwa hapo yote, kama jina kwa begi ya mtoto wa shule.

"Ilikuwa imebaki seti moja tu kwa Arafa," Chesang akaanza. "Na wewe unaenda shule na kurudi, kilomita nne. Mimi kila siku nateremka na magunia, bana. Zangu nilipeleka kwa mtu wa lathe, akazinyoa vizuri. Nilisema mwezi ujao nitakubadilishia."

"Na kesho?"

"Wewe huendesha polepole."

"Kesho nashuka Kamukuywa na mama yangu, Chesang."

Alikuwa hajasikia nikimwita jina lake tangu tukiwa vijana.

Sellah aliweka spana chini. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ndio maana ulikataa kiti ya mbele."

Chesang akaangalia viatu vyake. Nilingoja akatae. Hata kama angedanganya, ningeshukuru.

Nilitoa na ile ya upande wa pili, nikafunga diski zangu kwa gari yangu, nikasukuma pistoni, nikaweka pedi, nikakanyaga mpaka pedali ikawa ngumu. Nikazunguka mtaa mara sita nikifunga breki. Niliporudi alikuwa bado hapo, amesimama karibu na gari yake iliyokuwa juu ya jeki.

"Na mimi?"

"Hizo za kunyolewa sikufungii. Na usizifunge. Bibi yako hupanda hii gari. Iache hapa mpaka upate zingine."

"Na kesho nani ataongea?"

"Mimi."

Akatoka kwa miguu. Geti hakufunga.

Jumamosi mama alikaa kiti ya mbele, kitambaa chake kizuri kichwani. Kamukuywa nilikanyaga breki mara moja, na gari ikatii, imenyooka, bila sauti. Huko nyuma mama wadogo waliendelea na hadithi yao.

"Yule rafiki yako ako wapi?" mama akauliza. "Si ndiye huongea?"

"Gari yake imeharibika, mama."

Kwa kioo nilimwona Sellah akiangalia nje.

"Maskini," mama akasema. "Si mngempatia hii kiti. Mimi ningefinyana tu huko nyuma."

Nikabadilisha gia, tukapanda ng'ambo ya daraja.