Kalamu Isiyopumzika

Kwaru, kwaru, kwaru. Kosmas aliisikia kalamu ya tete kabla hajafika mlangoni pa chumba cha waandishi, akaanza kunyata. Mwandishi hutazama nakala ya zamani, huandika maneno matatu, kisha hutazama tena; na anapotazama, kalamu hunyamaza. Hii haikunyamaza.

Ndani, Mzee Anthimos, mtawa aliyemfundisha kuandika, alikuwa ameiinamia Injili ya Luka. Ukucha wa kidole cha mkono wake wa kushoto ulifuata mistari ya kuongoza mwandiko, iliyokwaruzwa kwa chuma juu ya ngozi.

"Waninyemelea kama paka, we Kosmas," alisema bila kuinua uso. "Humu hamna panya."

"Yumo mmoja, Baba, mwenye mvi. Anaitafuna Injili."

Mzee akacheka. Kosmas hakucheka. Kazi yake ilikuwa kulinganisha nakala mpya na ile ya zamani, na asubuhi hiyo, mwishoni mwa sala ya Bwana, alikuta "kwa kuwa ufalme ni wako". Hayo ni ya Mathayo; Luka hakuyaandika. Na sheria ya monasteri ilikuwa moja: aandikaye kwa kukumbuka hagusi kalamu tena.

Akaiweka nakala ya zamani mbele ya mzee, juu chini, akamwomba asome. Mzee akasoma bila kukwama hata neno moja. Alipomaliza, akamsikia Kosmas akiirudisha ile nakala ikae sawa.

"Ulikuwa umeigeuza, sivyo?" akauliza. "Tangu Pasaka naona ukungu tu."

Hakuomba afichiwe. Neno la Mungu si shamba lake, alisema, alime apendavyo. Kilichomuuma ni ukurasa wa mwisho wa Injili zote nne, mahali pekee mwandishi huruhusiwa kutaja jina na kuomba dua za wasomaji. Miaka thelathini alikuwa akiingoja Injili ya kumtaja dada yake, Evpraksia, aliyempa mkate wake mwaka wa njaa, akafa yeye. Hakubaki mwingine duniani aliyelijua jina hilo.

Akaifuta kalamu kwa mkono wa joho, akaiweka kiganjani mwa Kosmas. Kijana aliyejigamba kwa kila mtawa kwamba jina lake litaishi kuliko kuta zile, akafumba kiganja.

"Nitayakwangua yale maneno ya Mathayo, Baba, niendelee mpaka mwisho wa Yohana. Na ukurasa wa mwisho nitaandika Evpraksia, kisha Anthimos. Langu sitaliandika."